Alama ni Fundisho: Mitindo ya Maswali na Utoaji wa Alama katika Chemshabongo za Kiswahili Mtaani Buruburu

Utangulizi

Mwalimu anapoandaa chemshabongo ya Kiswahili, aghalabu hutumia siku nyingi kutafuta maswali na dakika chache tu kuamua jinsi yatakavyotolewa alama. Swali huonekana kuwa kazi ya msomi. Alama huonekana kuwa kazi ya karani anayekaa pembeni na chaki yake. Makala haya yanakusudia kuupinga mtazamo huo. Hoja yake kuu ni kwamba alama nazo hufundisha. Mwanafunzi anayeshiriki shindano husahau upesi maswali aliyoulizwa, lakini hasahau ni tabia gani iliyomletea alama na ni ipi iliyomponza. Akituzwa kwa kuropoka, atajifunza kuropoka. Akiadhibiwa kwa kujaribu, atajifunza kunyamaza.

Ili kuithibitisha hoja hiyo, makala yanaanza kwa kuyaeleza mazingira ya chemshabongo katika mtaa wa Buruburu, Nairobi, kisha yanachambua mitindo mitano ya maswali, hesabu iliyojificha nyuma ya alama, na nafasi ya kitendawili, ambacho ni mfumo wa kale wa mashindano ya maswali katika jamii za Waswahili na majirani zao. Hatimaye yanatolewa mapendekezo ambayo chama chochote cha Kiswahili cha shule kinaweza kuyatekeleza bila gharama.

Buruburu na wazazi wawili wa chemshabongo

Buruburu ni mmojawapo wa mitaa ya Eastlands, upande wa mashariki wa jiji la Nairobi. Ulijengwa kwa awamu tano kuanzia miaka ya 1970, na hadi leo mkazi akiulizwa anakoishi hutaja awamu yake kabla ya nambari ya nyumba. Barabara ya Mumias Kusini na ile ya Rabai zinaupitia, na majirani zake ni pamoja na Jericho, Umoja na Donholm. Mtaa huu una shule nyingi za msingi na za upili, kumbi za makanisa, na tawi la Huduma ya Maktaba ya Kitaifa ya Kenya. Kwa hiyo, haukosi mahali pa kuwakutanisha vijana Jumamosi kwa shindano la maswali na majibu, liwe la masomo ya shule au la Maandiko Matakatifu.

Kwa upande wa lugha, kijana wa Buruburu huishi katika tabaka kadhaa za Kiswahili kwa wakati mmoja. Ndani ya matatu ya nambari 58 husikia Sheng. Nyumbani huenda akasikia Kiswahili kilichochanganyika na lugha ya wazazi. Darasani hudaiwa Kiswahili sanifu. Jambo hili si dogo, maadamu chemshabongo ya Kiswahili humtaka ateue tabaka moja kati ya hizo katika muda wa sekunde chache, huku macho ya ukumbi mzima yakimwelekea.

Umbo la mashindano haya limezaliwa na wazazi wawili. Mzazi wa kwanza ni mtihani wa taifa. Kwa vizazi vya wanafunzi waliofanya mtihani wa KCPE, uliofanywa mara ya kwanza mwaka 1985 na mara ya mwisho mwaka 2023, swali la Kiswahili lilikuwa sentensi moja na majibu manne ya kuchagua. Kwa wale waliofika KCSE, mtihani ulioanza mwaka 1989, swali la fasihi limekuwa dondoo lenye alama zilizogawanywa kwa hoja. Mtungaji maswali wa chemshabongo huvirithi vielelezo hivi bila kujua. Mara nyingi huwa na rundo la karatasi za mitihani iliyopita mezani pake.

Mzazi wa pili ni runinga. Mwaka 2007 yalianza mashindano ya vyuo vikuu vya Afrika yaliyodhaminiwa na kampuni ya simu ya Celtel, ambayo baadaye yalichukua jina la Zain baada ya kampuni hiyo kubadili jina mwaka 2008. Yaliendeshwa na mwigizaji na mwandishi Mkenya, John Sibi-Okumu. Ingawa lugha yake ilikuwa Kiingereza, watazamaji wengi walijifunza humo namna shindano la maswali linavyopaswa "kuonekana": meza mbili, kengele za kubonyeza, mwendeshaji mwenye kadi, na alama zinazopanda mbele ya hadhira. Nasaba ya umbo hilo ni ndefu. Chimbuko lake ni kipindi cha redio cha Marekani kilichoitwa College Bowl, kilichoanza mwaka 1953, na ambacho Uingereza ilikiiga mwaka 1962 kwa kipindi cha runinga cha University Challenge.

Hata hivyo, yuko babu ambaye wazazi hawa wawili wamemfunika, na ambaye makala yatamrejelea baadaye. Babu huyo ni kitendawili.

Mitindo mitano ya maswali

*1. Swali la jibu moja.* Huu ndio mtindo unaotumiwa zaidi: "Nani aliyetunga *Sauti ya Dhiki*?" Jibu ni Abdilatif Abdalla. Fadhila ya swali hili ni uwazi wake, kwani jaji hana haja ya kufikiri. Upungufu wake ni kwamba linapima kukumbuka jalada, si kusoma kitabu. Mwanafunzi anaweza kulijibu pasipo kujua kwamba mashairi ya diwani hiyo, iliyochapishwa mwaka 1973, yalitungwa wakati mtunzi alipokuwa kifungoni kati ya 1969 na 1972. Mwenzake aliyeyasoma mashairi yenyewe na kuyahisi hapati alama hata moja zaidi yake.

*2. Swali la kuchagua.* Mshiriki hupewa majibu manne na kuteua moja. Mtindo huu hufaa pale ambapo hadhira ni kubwa na wakati ni mfupi. Aidha, mtungaji hodari huweza kuyafanya majibu yasiyo sahihi yafundishe: akiuliza ngeli ya nomino fulani, kila jibu la uongo liwe kosa ambalo wanafunzi hulifanya kweli. Akijaza majibu ya kuchekesha tu, swali hugeuka kuwa la majibu mawili au hata moja.

*3. Kweli au si kweli.* Ni mtindo mwepesi kuutunga na mgumu kuutunga vizuri. Chukua kauli hii: "Kiswahili ni lugha ya taifa ya Kenya wala si lugha rasmi." Mtungaji anayenakili kutoka kitabu kikuukuu ataandika "kweli". Lakini tangu Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mwanafunzi anayejua mambo ya sasa huadhibiwa na mwongozo uliochakaa.

*4. Swali la vidokezo.* Hapa swali moja husomwa kwa sentensi kadhaa, kuanzia kidokezo kigumu hadi chepesi, na mshiriki anaruhusiwa kubonyeza kengele wakati wowote. Mfano ni huu ufuatao:

"Mwandishi huyu aliandika wasifu wa mwimbaji maarufu wa taarab wa Unguja, Siti binti Saad. Alitunga utenzi mrefu kuhusu Vita vya Pili vya Dunia. Aliandika *Kusadikika* na *Kufikirika*. Alizaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga na kufariki mwaka 1962. Je, ni nani?"

Jibu ni Shaaban Robert. Aliyesoma kwa mapana atabonyeza katika sentensi ya kwanza; aliyesikia darasani tu atangojea ya tatu. Swali moja, basi, limewatofautisha wanafunzi wa viwango vitatu au vinne bila kumnyima yeyote fursa. Hebu sasa tuligeuze, tuanze na *Kusadikika*. Timu zote mbili zitajua jibu papo hapo, na atakayeshinda ni mwenye kidole chepesi. Maneno ni yale yale. Kilichobadilika ni mpangilio, na pamoja nao aina ya ujuzi unaotuzwa.

*5. Swali la maelezo.* Huu ni mtindo wa karatasi ya fasihi: mshiriki husomewa dondoo na kutakiwa kueleza muktadha wake. Kwa desturi ya usahihishaji wa shule za Kenya, alama nne hugawanywa kwa msemaji, msemewa, mahali na sababu ya kusema. Mtindo huu ndio unaokaribia zaidi kazi halisi ya mwanafunzi wa fasihi. Ndio pia unaoogopwa zaidi na waandaaji, kwa kuwa humtaka jaji aliyesoma kitabu.

Hesabu iliyo nyuma ya alama

Kila kanuni ya alama humwambia mshiriki jambo kuhusu kubahatisha, hata kama mwandaaji hakukusudia kusema chochote. Tuanze na swali la kuchagua. Katika karatasi ya maswali 50 yenye majibu manne kila moja, mtu asiyejua lolote na anayeteua ovyo atapata, kwa wastani, alama 12.5. Mtihani usiotoa adhabu humfundisha mwanafunzi kwamba nafasi tupu ni upumbavu. Iwapo mwandaaji anataka bahati isimfae mtu kitu, itambidi aondoe theluthi moja ya alama kwa kila kosa. Mbahatishaji atapata swali moja kati ya manne na kukosa matatu. Theluthi tatu zitaimeza alama yake moja, naye atabaki na sufuri.

Mfano mzuri wa Kiafrika unatoka Ghana, ambako mashindano ya kitaifa ya sayansi na hisabati ya shule za upili yamekuwapo tangu mwaka 1993. Katika duru ya kweli au si kweli, jibu sahihi huleta alama 2 na kosa huondoa alama 1, ila timu inaruhusiwa kuacha kujibu. Tukipiga hesabu, anayebahatisha bado hupata faida ya nusu alama kwa kila swali. Kanuni hiyo, kwa hivyo, inampa mshiriki uhuru wa kunyamaza, lakini bado inampendelea anayethubutu. Kama lengo lingekuwa kuizima bahati kabisa, adhabu ingelingana na tuzo.

Katika University Challenge, swali la kwanza huwa na alama 10, na anayeukatiza usomaji wa swali kisha akakosea huondolewa 5. Mwenye hakika ya nusu kwa nusu, akikatiza, atafaidi alama 2.5 kwa wastani. Mwenye hakika ya theluthi moja hafaidi wala hapotezi. Juu ya hayo, mpinzani wake atasomewa swali lote kwa utulivu. Ujumbe wa kanuni hiyo ni kwamba kuthubutu kunaruhusiwa ila kuna bei. Timu iliyojibu swali la kwanza hupewa maswali matatu zaidi ya alama 5 kila moja, na wanatimu wanaruhusiwa kushauriana. Hapo mwanafunzi mtaratibu, ambaye kidole chake hakishindani na cha mtu, hupata nafasi ya kusikika.

Vyama vya shule vinavyoiga mashindano ya runinga mara nyingi huchukua kengele na adhabu, vikaacha maswali ya kushauriana kwa sababu yanakula wakati. Matokeo yake ni kwamba timu ya watu wanne huwa na mshiriki mmoja na mashahidi watatu.

Kitendawili: babu aliyesahauliwa

Johan Huizinga, mwanahistoria Mholanzi, alionyesha katika kitabu chake *Homo Ludens* cha mwaka 1938 kwamba mashindano ya mafumbo ni miongoni mwa njia za kale kabisa ambazo binadamu alizitumia kutafuta na kueneza maarifa. Mwanafunzi wa fasihi simulizi ya Kiswahili hahitaji kwenda mbali kuuona ushahidi wa jambo hilo. Kitendawili kina fanani na hadhira, kina swali, kina muda wa kujaribu, na kina kanuni ya malipo. Kwa maneno mengine, ni chemshabongo kamili.

Utaratibu wake unajulikana. Mtegaji husema, "Kitendawili!" Hadhira huitikia, "Tega!" Naye hutega: "Nyumba yangu haina mlango." Wasikilizaji hujaribu kutegua mmoja baada ya mwingine. Wakipata kwamba ni yai, zamu hupita. Wakishindwa, mtegaji hudai mji. Hupewa, tuseme, Nakuru. Akiona ni mdogo, huukataa na kudai Mombasa. Akiridhika husimulia kwa madaha jinsi alivyofika mji huo na jinsi alivyokirimiwa huko, kisha hutoa jibu.

Tukiutazama utaratibu huu kwa jicho la mweka alama, mambo matatu yanajitokeza. Kwanza, kujaribu hakuna adhabu. Mtoto anayetoa jibu lisilo sahihi huchekwa kidogo, lakini haondolewi kitu, na jaribio lake huweza kumwelekeza mwenzake kwenye jibu. Pili, kushindwa kuna bei, ila bei hiyo hulipwa na hadhira nzima, si mtu mmoja aliyesimamishwa peke yake. Tatu, na hili ndilo la msingi, mji hununua jibu. Hakuna anayelipa akaondoka mikono mitupu. Katika chemshabongo za kisasa, timu inayoshindwa mara nyingi hupoteza alama na maarifa pia, kwa sababu mwendeshaji anakimbilia kadi inayofuata.

Si kwamba kitendawili hakina upungufu. Jibu lake limewekwa na mapokeo, na mtegaji anaweza kulikataa jibu jingine ambalo lina mantiki. Anayetegewa "Nyumba yangu haina mlango" akajibu "kaburi" hatapewa ushindi. Lakini ana fursa ya kubishana, na hadhira iko pale pale kusikiliza hoja yake. Kukataliwa hakumpunguzii chochote.

Yafaa kukumbuka pia kwamba mashindano ya sayansi ya Ghana yaliyotajwa humalizika kwa duru ya mafumbo. Vidokezo hutolewa kimoja baada ya kingine: anayejibu baada ya kidokezo cha kwanza hupata alama 5, baada ya cha pili 4, na baada ya hapo 3. Wanasayansi wamelichukua fumbo na kulipa hesabu. Ni ajabu, basi, kwamba vyama vya Kiswahili, ambavyo kitendawili ni mali yao kwa urithi, vimekiweka kando kuwa burudani ya mapumziko, huku vikihangaikia kengele.

Kisa cha kubuni: nomino "kiboko"

Ili uzito wa hoja hii uonekane, tuchukue mfano wa kubuni. Ni Jumamosi katika ukumbi mmoja wa Buruburu. Timu mbili za shule za upili zimefikia swali la mwisho. Timu B ina alama 120, Timu A ina 110. Kanuni ni alama 10 kwa jibu sahihi na kuondolewa 5 kwa kosa, na swali likikosewa huhamia upande wa pili. Mwendeshaji anasoma: "Nomino *kiboko* imo katika ngeli gani?"

Msichana wa Timu B anabonyeza kengele. "KI-VI," anasema. Mwendeshaji anatazama kadi. "Kosa. Timu A?" Timu A, iliyokwisha kusikia kwamba KI-VI si jibu, inasema A-WA. Makofi yanapigwa. Timu B inashuka hadi 115. Timu A inapanda hadi 120. Shindano limekwisha.

Msichana yule hakukosea. Kiboko anayeishi mtoni huingia katika ngeli ya A-WA: kiboko huyu, viboko hawa. Kiboko cha kuchapia huingia katika KI-VI: kiboko hiki, viboko hivi. Swali lilikuwa na majibu mawili na mwongozo ulikuwa na moja. Mwalimu wake akisimama kulalamika, ataambiwa kwamba uamuzi wa majaji ni wa mwisho. Kauli hiyo huokoa ratiba, lakini haiokoi ukweli.

Kombe si kitu kikubwa. Litajaa vumbi katika ofisi ya mwalimu mkuu. Kilichopotea ni imani ya mwanafunzi mmoja katika ujuzi wake. Amefundishwa mbele ya watu mia mbili kwamba neno analolijua silo, na kwamba kubonyeza kengele kuliwagharimu wenzake ushindi. Muhula ujao atakaa kwenye kiti cha mwisho cha timu, au hatajiandikisha kabisa. Na huenda ndiye aliyekuwa mwanaisimu wa kesho. Wahenga walisema kuwa samaki mkunje angali mbichi. Hapa aliyekunjwa amekunjwa vibaya.

Mitego ya namna hii imejaa katika Kiswahili, kwani lugha hii ina utajiri mkubwa wa maneno yenye maana zaidi ya moja. Wingi wa "ua" ni *maua* ikiwa ni la mti, na *nyua* ikiwa ni wa nyumba. "Kaa" ni mnyama wa pwani, ni kipande cha moto, na ni kitenzi. "Paa" ni mnyama, ni sehemu ya juu ya nyumba, na ni kitendo cha kwenda angani. Visawe navyo huleta utata: anayeulizwa kisawe cha "barabara" anaweza kutaja *baraste* au *tariki*, ilhali kadi ina moja tu. Utajiri huu ndio utamu wa lugha. Mtungaji asipouzingatia, unageuka kuwa mtego kwa yule anayeijua lugha zaidi, kwa kuwa asiyejua maana ya pili hawezi kunaswa nayo.

Suala la Sheng nalo linahitaji busara. Mshiriki wa Buruburu akitumia neno la mtaani katika swali la msamiati sanifu, haki ni kumnyima alama. Lakini katika swali la maelezo, ambapo kinachopimwa ni uelewa wa hadithi, neno moja la Sheng lililoponyoka halipaswi kuifuta hoja nzima. Kanuni itangazwe mapema: ni maswali gani yanayopima lugha na ni yapi yanayopima maudhui.

Mapendekezo

Kutokana na uchambuzi huu, makala yanapendekeza shindano la duru nne.

*Duru ya kwanza: maswali ya jibu moja.* Kila timu iulizwe maswali 10 kwa zamu, bila kengele. Jibu sahihi liwe na alama 2. Swali likishindikana, timu ya pili ilijibu kwa alama 1. Hakuna adhabu. Lengo la duru hii ni kuwatoa washiriki hofu.

*Duru ya pili: maswali ya vidokezo.* Yawe 6, kila moja likiwa na vidokezo vinne. Alama ziwe 5, 4, 3 na 2 kwa kufuata kidokezo kilichojibiwa. Timu inayokosea isiondolewe alama, bali ipoteze haki ya kujaribu tena swali hilo. Adhabu hiyo inatosha kumzuia mropokaji, nayo haimvunji moyo mwenye kuthubutu.

*Duru ya tatu: dondoo.* Timu zote zipewe dondoo moja na dakika 10 za kushauriana na kuandika. Alama ziwe 10, zikigawanywa kwa mwongozo unaosomwa kwa sauti baada ya majibu kukusanywa. Hapa wanatimu wote wana kazi.

*Duru ya nne: vitendawili.* Kila timu iitegee nyingine vitendawili 5. Inayotegua ipate alama 2. Inayoshindwa itoe mji, na mtegaji apate hizo alama 2. Hata hivyo, baada ya jibu kutolewa, timu iliyoshindwa ipewe nusu dakika kueleza uhusiano uliopo kati ya swali na jibu. Kwa mfano, ikiambiwa kwamba "Ninapompiga mwanangu watu hucheza" ni ngoma, ieleze ni kwa vipi ngoma inalinganishwa na mwana anayelia. Ikifaulu, ipate alama 1. Kwa njia hii, mji unanunua jibu, na jibu linazaa fikira.

Fauka ya hayo, kuna masharti matatu yanayopaswa kutawala duru zote. La kwanza, kila swali lisomwe kabla ya shindano na mtu wa pili asiyelitunga, ambaye kazi yake pekee ni kutafuta jibu jingine linalowezekana. Msomaji wa namna hiyo angeliona tatizo la "kiboko" katika nusu dakika. La pili, kamusi iwe mezani, kwa mfano *Kamusi ya Kiswahili Sanifu* au *Kamusi Kuu ya Kiswahili* iliyotolewa mwaka 2015, na kila timu iwe na haki ya rufaa moja katika kila duru. Rufaa ikifaulu, haki hiyo isipunguzwe. La tatu, hakuna swali litakaloachwa bila jibu kutangazwa na kuelezwa kwa sentensi moja, hata kama wakati umekwenda. Ni heri maswali 30 yaliyoeleweka kuliko 60 yaliyokimbizwa.

Yawezekana mtu akasema kwamba utaratibu huu utaifanya chemshabongo ipooze, kwamba hadhira hupenda kengele na mbio. Pingamizi hilo lina uzito. Mashindano yasiyo na msisimko hayahudhuriwi. Lakini anayelitoa hajashuhudia ukumbi unaodai mji mkubwa zaidi. Msisimko wa kitendawili umedumu kwa karne nyingi bila umeme wala kengele.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba katika chemshabongo, mtindo wa swali huamua ni ujuzi gani utakaoonekana, na kanuni ya alama huamua ni tabia gani itakayokuzwa. Swali la jibu moja hutuza kumbukumbu. Swali la vidokezo vilivyopangwa vyema hutuza usomaji mpana. Dondoo hutuza uelewa. Kitendawili hutuza fikira na kumfariji aliyeshindwa kwa kumpa jibu. Adhabu ya alama, isipopimwa, humwadhibu mwenye ujuzi mwingi pamoja na mropokaji.

Ni wajibu wa vyama vya wanafunzi wa Kiswahili, ambavyo mara nyingi huombwa na shule za mitaa kama Buruburu kutunga maswali na kutoa majaji, kuichukulia kazi hiyo kwa uzito unaostahili. Mwanafunzi anayetoka ukumbini akiwa ameshindwa kwa haki na kupewa jibu atarudi mwaka ujao. Yule aliyeshindwa na kadi isiyo sahihi huenda asirudi, wala hakuna kombe litakalomrudisha.